Kilo Mbili na Kamustari Kamoja

Mimi ni mutu wa maharagi. Nauzisha maharagi hapa Birere tangu Umuhoza angali mugongoni, na biashara hii imenifundisha jambo moja: muuzaji akicheka sana wakati wa kufungua gunia, ingiza mukono mpaka chini. Juu utakuta maharagi mapya yanayong'aa. Katikati ni ya mwaka jana. Chini ni mawe. Sasa niambieni, kijana anayefika kwangu meno yote nje, "Mama" huku, "Mama" kule, hata sijaitika salamu yake, nimufanyie nini? Nisiingize mukono?

Kijana huyo anaitwa Guylain. Ni fundi wa ordinateur, zile kompyuta, mutoto wa upande wa Bukavu, amelelewa na baba yake mudogo pale Himbi. Alitaka kumuoa Umuhoza, binti yangu, mutoto niliye naye mumoja tu. Sikusema ni mubaya. Nilisema simujui. Lakini watu wa soko hawawezi kumuacha mutu ashuku kwa raha yake. "Mama Umuhoza, kijana anasali. Mama Umuhoza, hanywi pombe. Ana kazi ya mikono." Wapi! Kikulacho ki nguoni mwako, na wazee hawakusema ni nguo ya adui. Walisema yako.

Kama bwana yangu angalikuwa hai ningemuachia yeye hiyo kazi. Mwalimu Nshimiyimana alikuwa akimuangalia mutu mara moja anamupenda, na mara nyingi hakukosea, Mungu amulaze vizuri. Lakini alikufa. Ndugu zake wako Rutshuru, na barabara munaijua wenyewe, haipitiki, kwa hiyo walinitumia sauti kwa telefone: "Wageni wakija, jibu lako ni jibu letu." Ndipo nikakosa usingizi. Ndiyo ya mutoto wangu ilikuwa mudomoni mwangu peke yangu. Nikiitoa vibaya, si mimi nitakayeamka kila asubuhi kando ya yule mutu. Ni yeye.

Mambo ya mashini yalianza hivi. Umuhoza alikuwa amepata kachumba kadogo Himbi, karibu na ofisi za mashirika, awe anaandikia watu barua na kuchapa kazi za wanafunzi. Chumba kiko, meza iko, imprimante ya kuchapia iko. Mashini yenyewe, ordinateur, hakuna, na mupya bei yake inaumiza hata kuitaja. Basi Guylain akauliza, "Mama, ile ya marehemu Papa iko wapi?"

Ilikuwa depo, ghala yangu ya maharagi, kwenye kona, chini ya magunia. Ile mashini ina mambo yake. Mwaka ule volcan, mulima wa moto, ilipotoka na muji muzima ukakimbilia Sake, wengine walibeba magodoro, wengine sufuria. Bwana yangu alibeba mashini. Tuliiweka kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, Umuhoza akisukuma, mwalimu akitembea kando, ameiwekea mukono kama mutoto mugonjwa. Tulipofika Mugunga ikaanguka kwenye mawe, ubavu wa kushoto ukabonyea. Mpaka leo umebonyea. Alipokufa sikuweza kuiangalia. Niliilaza depo, nikapanga maharagi juu.

Guylain aliifungulia pale pale depo, mbele yangu. Nilitaka hivyo. Nilivuta kiti nikaketi karibu kabisa, magoti yangu karibu yaguse mikono yake, maana Birere hakuna mutu anayemuachia fundi kitu akaenda zake. Alitoa visi, zile skrubu zake, moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha sufuria.

"Carte mère imekufa, Mama," alisema, akinionesha kale kabao ka kijani kalikojaa vumbi. "Hii hatuwezi kuifufua. Lakini boîtier yenyewe, hili sanduku la nje, ni chuma tupu, siku hizi hawatengenezi hivi. Na alimentation..." Alitoa lile boksi la nyuma, lile linalopokea courant ya umeme na kuwagawia wengine wote ndani. "Shika, Mama. Sikia uzito."

Nilishika. Ilikuwa nzito kweli.

"Za sasa ni nyepesi kama kiberiti," akasema. "Tunabakiza hii na boîtier. Ndani naweka carte mère ingine na vitu vyake. Nje itabaki ya Papa, ndani itakuwa ya Umuhoza."

Maneno matamu. Niliyaweka pembeni.

"Na vyenye kutoka?" nikauliza.

"Nitakurudishia vyote. Mimi siendi na kitu cha mutu, Mama, hata visi."

Hata fundi wa redio alisema hivyo. Zamani bwana yangu alimupelekea fundi mumoja redio yake, redio ya kubeba kwa mikono miwili, ikarudi inaimba kwa pua. Tulipoifungua, ndani mulikuwa nafasi ya kulaza kuku na vifaranga vyake. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi siombi musamaha kwa kushtuka.

Telefone yake ikalia. Ndani ya depo réseau ni shida, kwa hiyo akatoka barabarani, akaziba sikio moja juu ya kelele ya pikipiki. Nikaangalia mizani yangu. Nikaangalia mulango. Nikachukua alimentation nikaiweka kwenye sahani ya mizani. Mushale ukapanda, ukafika kilo mbili, ukapita kamustari kamoja. Niliusoma mara mbili, nikarudisha kitu mahali pake, nikaketi. Guylain akaingia anacheka. Nikacheka pia.

Alibeba vyote ndani ya gunia tupu la maharagi, maana nilikataa aende na kitu changu kinaonekana na watu barabarani.

Alirudi juma lililofuata, asubuhi, depo imejaa. Wanunuzi wawili wa Gisenyi walikuwa wanagombana nami juu ya mawe, vijiwe viwili tu vilivyofichama, na katikati ya ile kelele Guylain akaweka mashini mezani. Boîtier ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa. Pale palipobonyea palikuwa vilevile, hakupagusa. Moyo wangu ulitaka kufurahi, nikaukataza.

Kisha akatoa sachet mbili, mifuko ya plastiki. Ya kwanza ilikuwa na ile carte mère iliyokufa. Ya pili ilikuwa nyeusi, imefungwa fundo, na ilikuwa na kauzito.

"Na hii pia ni yako, Mama," akasema, meno yale yote nje. "Utaona mwenyewe." Akaenda haraka, kulikuwa mutu anamungojea na pikipiki.

Wanunuzi walipotoka nilifungua sachet nyeusi. Yesu wangu! Ndani mulikuwa udongo mweusi. Ndani ya udongo, manyoya. Vipande vya karatasi vilivyotafunwa. Na maharagi, maharagi yaliyokauka mpaka yamekuwa meusi, na kitu kidogo cheupe kama mufupa.

Mimi ni mukristo. Lakini nimezaliwa Masisi, na siko kipofu. Kijana anataka binti yako, anakuletea udongo na manyoya na maharagi, maharagi ambayo ndiyo kazi inayonilisha, vyote vimefungwa fundo, na anakuambia utaona mwenyewe! Niliita damu ya Yesu, nikaishika ile sachet kwa vidole viwili, nikaenda nyuma ya depo, nikaitupa kwenye shimo la choo. Nilingoja mpaka nikasikia imeanguka. Nikanawa kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha tena kwa majivu.

Sikumuambia mutu. Umuhoza angelia, na kijana angejua kwamba nimejua.

Lakini mutu akikuletea kimoja, tafuta cha pili. Nilifunga mulango wa depo, nikachukua tournevis ya kufungulia visi, nikageuza mashini. Nilikuwa nimeangalia vizuri alivyofanya. Unatoa visi nne za nyuma, kisha zile nyuzi za ndani, unabonyeza kidogo unavuta. Alimentation ikatoka. Pale penye feni niliona wavu mupya. Siku ile nilipoipima wavu wa pale ulikuwa umevunjika, niliuona kwa macho yangu. Kwa nini abadilishe wavu mutu ambaye hakufungua ndani? Na kama alifungua ndani, alikuwa anatafuta nini?

Niliiweka juu ya mizani. Mushale haukufika kilo mbili.

Nikaitoa, nikapiga mizani kidogo kwa kiganja, nikaiweka tena. Haukufika. Ulisimama chini ya mbili, ukatulia hapo.

Nilifunga depo nikatembea mpaka kwa Twizeyimana, anayeuzisha redio na taa kwenye kona ya barabara. "Ndugu yangu," nikamuuliza, kama mutu anayepita tu, "alimentation nzito na alimentation nyepesi, tofauti yake ni nini?"

"Nyepesi ni ya uongo, Mama," alisema bila kuinua macho. "Ndani hamuna shaba. Ni sanduku tu."

"Na mutu anaweza kutoa ya ndani, akaacha sanduku la nje lilelile?"

"Hapa Birere?" Akacheka. "Hapa watu wanaweza kutoa yai ndani, wakakuachia ganda zima."

Basi. Nilikuwa na mizani, nilikuwa na shahidi. Nilirudi na uchungu, uchungu wa kweli, maana kumbe na mimi nilikuwa nimeanza kumupenda yule kijana kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Jioni Umuhoza aliniangalia sana. "Mama, uko na nini?"

"Nimechoka."

"Guylain anasema alileta mashini. Hukuipenda?"

"Ni nzuri. Iache kwanza mpaka wageni wapite."

Alikuwa anakunja kitenge atakachovaa samedi, siku ya wageni. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. "Mama, ukiwakatalia..." akaanza, na hakumaliza. Niliona namna alivyomupenda, na nikaogopa kuliko siku ya volcan.

Samedi asubuhi, Umuhoza akiwa kwa musuka nywele, nilileta nyumbani mashini na mizani kwa chukudu. Mashini nikaiweka kwenye kona ya salon, nimeifunika. Wageni walifika saa nane. Alikuwa Papa Munguakonkwa, baba mudogo wa Guylain, muzee wa ofisi mwenye koti la kijivu, pamoja na bibi yake, Mama Nsimire. Guylain mwenyewe aliketi kati yao na shati jeupe la mikono mirefu, hajui aweke mikono wapi. Walileta kasiksi ya kwao, pombe ya ndizi. Mimi niliweka chupa za sucré, soda, mezani. Kwetu tunasema mugeni aliyekunywa ndiye ameketi. Asiyekunywa bado amesimama, hata kama yuko kwenye kiti.

Papa Munguakonkwa alianza vizuri. Alisema walikuwa wanapita zao, wakaona ua juu ya ukuta wa nyumba hii, miguu ikakataa kuendelea. Mama Nsimire akapiga kigelegele. Nikasimama.

"Muvumilie kidogo," nikasema. Nikaenda chumbani, nikaleta mizani yangu imefunikwa kitenge, nikaiweka katikati ya meza kati ya chupa.

Muzee akaangua kicheko. "Eh! Mama anataka kupima mahari!" Wote wakacheka. Umuhoza peke yake hakucheka. Ananijua.

Nilitoa kitenge. Alimentation ilikuwa pale kwenye sahani, mushale umesimama chini ya mbili, mahali ulipozoea.

"Hii ni ya bwana yangu," nikasema. "Siku ilipotoka mikononi mwangu ilikuwa kilo mbili na kamustari kamoja. Nimeipima mwenyewe. Sasa muangalie, kila mutu na macho yake. Papa Munguakonkwa, mimi sina maneno mengi. Mutu anayeingiza mukono ndani ya sanduku la marehemu akaiba, nikimupa mutoto wangu, atamubakiza nini? Ganda."

Nje chukudu ilipita, magurudumu yakilia juu ya mawe.

Guylain aliangalia mushale. Kisha akaniangalia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza naona uso wake bila kicheko, na ulikuwa uso wa mutoto.

"Mama," akasema polepole, "ile sachet nyeusi iko wapi?"

"Sachet gani?"

"Nilikupa mbili. Nyeusi ilikuwa uchafu wa ndani ya alimentation. Panya waliingilia pale wavu ulipovunjika, wakajenga nyumba. Waliijaza maharagi yako, Mama, mpaka feni haikuweza kuzunguka. Nilitoa yote, nikaweka wavu mupya wasirudi. Uchafu nikakurudishia, maana nilikuahidi siendi na kitu chako. Nilizani utacheka." Akaonesha mizani kwa kidole. "Iweke hapo pamoja. Mushale utarudi."

Masikio yangu yalianza kuwaka.

"Mama." Huyo alikuwa Umuhoza, na hakupandisha sauti. "Gunia likitoka Masisi na kilo mia, ukishachagua mawe na vumbi, linabaki ngapi?"

Nimegombana na wakulima maisha yangu yote juu ya jambo hilo. Wao wanalia kwamba gunia limepungua, mimi nawaambia halikupungua, limekuwa safi. Mimi ndiye ninayewaambia! Kila siku ya Mungu, kwa mudomo huu huu.

"Sachet iko wapi, Mama?" Papa Munguakonkwa akauliza. Sasa sauti yake ilikuwa ya ofisini.

Ningeweza kudanganya, ulimi ulikuwa tayari. Lakini Umuhoza alikuwa ananiangalia.

"Niliitupa chooni."

"Kwa nini?"

"Nilizani ni dawa."

Neno lilipotoka ndipo nililisikia. Nimemuita kijana mwizi mbele ya ukoo wake, na kabla hawajakunywa hata kidogo nimemuita mulozi. Mama Nsimire alijifunga kitenge chake vizuri, kama mutu anayejitayarisha kutoka kwenye mvua. Muzee alichukua chupa yake, haijafunguliwa bado, akairudisha katikati ya meza kando ya mizani.

"Aksanti kwa kutupokea," akasema. Wakasimama, wakatoka.

Guylain hakutoka nao. Alichukua alimentation kutoka juu ya mizani, akaenda kwenye kona, akapiga magoti na lile shati jeupe, akaanza kuirudisha ndani ya boîtier. Nilitaka kumuambia aache. Alikaza visi zote nne, akachomeka courant, akabonyeza, na mashini ya bwana yangu ikaamka. Ilivuma polepole, feni ikizunguka bila kukwaruza. Aliisikiliza kidogo, akaizima, akafuta alama za vidole vyake kwa mukono wa shati.

"Kazi ya Umuhoza isisimame kwa sababu yangu," akasema. Hakuniambia mimi, aliuambia mulango. Akaenda.

Umuhoza hakunitukana. Angalinitukana ningejua pa kushika. Alipeleka mashini Himbi, akafungua kachumba kake, watu wakaanza kuja. Jioni alirudi, akanisalimia, akauliza kama nimekula, akalala. Nyumba ikajaa adabu. Sijawahi kuogopa adabu namna ile.

Na mimi, niseme ukweli, nilikasirika. Nilikasirikia panya. Nilimukasirikia Guylain: mutu gani anarudisha uchafu bila kusema "huu ni uchafu"? Nilimukasirikia Twizeyimana na yai lake. Na watu wa soko, walewale wa "kijana anasali", sasa walipita mbele ya depo wakiuliza, "Mama Umuhoza, leo mizani inasema nini?" Nilipima maharagi nimeinamisha kichwa.

Siku moja Umuhoza akasema, akiosha sahani, mugongo wake kwangu: "Papa Munguakonkwa amesema kwamba hawatarudi hapa. Amesema mulango wake unajulikana, mwenye neno afike."

"Mimi?" nikaruka. "Mama wa binti aende kubisha kwa watu wa kijana? Umeona wapi?"

"Sijaona," akajibu. "Na mukwe kupimwa kwa mizani nilikuwa sijaona."

Siku kadhaa zilipita. Kisha nikaenda Himbi, sikutaka kuonekana, nilisema moyoni napita tu. Mulango wa kachumba kake ulikuwa wazi. Umuhoza alikuwa anasoma karatasi ya mwanafunzi mumoja, na wakati akisoma, mukono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya boîtier, pale palipobonyea, vilevile kama baba yake njiani kwenda Sake. Uso wake ulikuwa umekonda. Mwanafunzi alisema kitu cha kuchekesha, na yeye akacheka kwa adabu, kile kicheko alichokuwa ananipa mimi nyumbani. Nikajificha nyuma ya ukuta wa mawe nikalia kama mujinga. Nilikuwa nimetaka kumulinda asiishi na huzuni, na huzuni ile nilikuwa nimemuletea kwa mikono yangu.

Nilirudi depo nikafungua gunia bora nililokuwa nalo, maharagi ya Masisi, mapya. Niliyamwaga kwenye turubai nikayachagua mwenyewe, moja moja, mpaka mugongo ukakataa. Jiwe halikubaki. Haragi bovu halikubaki. Nikayarudisha, nikafunga kamba. Mizani ilikuwa pale pale kando ya goti langu, na mikono iliniwasha, nisiwafiche. Nikaipita. Nikaita chukudu.

Papa Munguakonkwa alifungua mulango wa lupango, ule wa barabarani, yeye mwenyewe. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Aliangalia gunia.

"Hii ni nini?"

"Ni maharagi, Papa. Nimekuja kuomba musamaha kwa mutoto wenu. Nilimuita kitu ambacho hayuko."

Aliinama, akafungua kamba, akakunja mukono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Kisha akaingiza mukono ndani ya gunia mpaka chini. Mbele yangu! Alipapasa kona hii, akapapasa kona ile, akachota ya chini akayaangalia kwenye kiganja. Alikuwa anatafuta mawe. Mimi, Mama Umuhoza wa Birere, natafutiwa mawe! Hasira ilinipanda. Nikaimeza. Nilisimama mikono chini nikamuacha atafute, na nikajua kwa mara ya kwanza mutu anasikia nini akiwa upande ule wa gunia.

Alitoa mukono. Akaukung'uta, haukuwa na vumbi.

"Hamuna jiwe," akasema.

"Hamuna."

"Kilo ngapi?"

"Sijui, Papa. Sikupima."

Aliinua kichwa. Nyuma yake, kwenye mulango wa nyumba, nikaona mutu amesimama, hajui aweke mikono wapi.

"Wewe?" muzee akasema. "Wewe hukupima?"

"Sikupima."

Aliniangalia muda murefu, kama mutu anayesoma mushale ambao haujatulia. Kisha akashika kona moja ya gunia.

"Guylain," akaita, "kuja ushike upande ule. Ni nzito."